Waliorudi Baharini: Watambaazi Wakubwa wa Zama za Dinosaria na Watu Waliowaona Kwanza

Haya ni maneno niliyoyasema mjini Tanga mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi wa sekondari, wazazi wao na wavuvi waliokubali mwaliko wetu. Wengi walioshindwa kufika wameomba nakala, kwa hiyo nayaweka hapa yote kama yalivyosemwa. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Walimu wangu, wazazi, ndugu zangu wavuvi, nanyi wanangu mliokaa huku mbele: wanaostahili shikamoo, shikamooni, na wengine, hamjambo?

Naanza na swali. Nani hapa hajawahi kumwona kenge?

Sioni mkono hata mmoja. Vizuri. Basi kenge mnamjua. Mnajua anavyokimbia nchi kavu, na mnajua anavyojitosa mtoni akaogelea kwa kupinda mkia huku na huku. Mwekeni kenge huyo akilini, nitamhitaji baadaye.

Leo nazungumzia wanyama walioitawala bahari wakati dinosaria wakitawala nchi kavu. Watoto wengi wakiona picha zao husema, "Hao ni dinosaria wa baharini." Hapana. Hawakuwa dinosaria. Wengine husema, "Hao ni samaki wakubwa." Hapana tena. Hawakuwa samaki. Walikuwa watambaazi, na wote walitokana na wazee waliokuwa wakitembea nchi kavu kwa miguu minne. Walirudi baharini. Miguu ikageuka makasia, mikia ikageuka mapezi, lakini mapafu yakabaki mapafu. Mnyama wa mita 15 mwenye uwezo wa kuzama kilindini alilazimika kupanda juu kuvuta hewa, kama anavyofanya pomboo, kama anavyofanya kasa, kama nifanyavyo mimi nikipiga mbizi.

Na hawakurudi mara moja. Koo mbalimbali zilirudi kwa nyakati mbalimbali, kila ukoo kwa njia yake. Leo nitataja koo tatu tu. Ikthiosauri walianza takriban miaka milioni 250 iliyopita, wakafanana na pomboo kwa umbo ingawa hawana udugu nao wa karibu. Plesiosauri walifuata baadaye, wenye makasia manne, wengi wao wakiwa na shingo ndefu kupita kiasi. Wa mwisho ni mosasauri, waliokuja katika miaka milioni 30 hivi ya mwisho ya zama hizo, wakamalizia kama wafalme wa bahari zote.

Tumejuaje kwamba wazee wao walitoka nchi kavu? Sikilizeni habari moja kutoka China.

Huko mkoani Anhui, katika mwamba wenye umri wa miaka milioni 248 hivi, lilipatikana jiwe lenye mifupa ya ikthiosauri wa mwanzo kabisa, mnyama mdogo anayeitwa Chaohusaurus. Alikuwa mama. Alikufa wakati wa kujifungua. Mtoto mmoja alikuwa bado tumboni, wa pili alikuwa nusu ndani nusu nje, na wa tatu alikuwa ameshatoka. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2014, na kilichowashangaza wataalamu ni huyu wa pili: alikuwa anatoka kwa kutanguliza kichwa.

Wakunga waliopo hapa wataniambia, "Hilo ni la kawaida." Ni la kawaida kwetu sisi wa nchi kavu. Pomboo na nyangumi kwa kawaida hutanguliza mkia, na ikthiosauri wa zama za baadaye nao walikuja kuzaa hivyo. Mama huyu wa China alizaa kwa namna ya nchi kavu ndani ya maji ya bahari. Maana yake ni kwamba desturi ya kuzaa watoto hai badala ya kutaga mayai ilianza kabla wazee wake hawajaingia majini. Mifupa ya mama mmoja na watoto watatu imetueleza safari ya ukoo mzima. Ningekuwa na uwezo, kila mtoto wa darasa la biolojia angeliona jiwe lile.

Kuna zaidi. Jicho la ikthiosauri aitwaye Temnodontosaurus lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya sentimita 20, sawa na sahani ya kulia. Jicho hilo lilikuwa la kuwinda penye giza, kule mwanga wa jua unakofika kwa shida. Na mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba katika ngozi ya ikthiosauri mwingine, Stenopterygius wa Ujerumani, wamekuta dalili za tabaka la mafuta chini ya ngozi, lile lile linalomkinga nyangumi na baridi. Mtambaazi mwenye mafuta ya nyangumi! Haya yote yamesomwa kwenye mawe.

Sasa niulize: nani aliyaokota mawe hayo?

Hapa ndipo lilipo jambo langu hasa la leo. Wanyama hawa hawakuanza kuonwa na maprofesa. Walionwa na watu walioishi karibu na miamba. Nasema tena: walionwa na watu walioishi karibu na miamba. Mafundi, wachimba mawe, watoto, wauza vitu vya ufukweni.

Twende Uingereza, pwani ya kusini, mji mdogo wa Lyme Regis. Mwaka 1799 alizaliwa huko binti aitwaye Mary Anning. Baba yake alikuwa seremala, na ili kuongeza kipato aliokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kwenye magenge ya pwani akawauzia wageni. Alikufa mwaka 1810 akiiacha familia na madeni. Mwaka uliofuata, kaka yake Mary, Joseph, aliona fuvu kubwa limejitokeza kwenye genge. Mary, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaupata mwili uliobaki. Ikthiosauri mzima, zaidi ya mita tano. Waliuuza kwa pauni 23 hivi, na kwa familia ile hizo zilikuwa fedha za kuvushia miezi.

Mary hakusoma shule ya kutajika. Alijifunza mwenyewe. Aliazima makala za wataalamu akazinakili kwa mkono, na alipasua samaki na ngisi wa siku zake ili aelewe mifupa ya wale wa kale. Msimu wake wa kazi ulikuwa majira ya baridi, kwa sababu dhoruba ndizo zilizobomoa magenge na kufichua vitu vipya. Alilazimika kuwahi kabla mawimbi hayajavizoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mary aliinama chini ya magenge yanayoporomoka. Mwaka 1833 maporomoko yalimuua mbwa wake mbele ya macho yake, naye akanusurika kwa hatua chache.

Mwishoni mwa mwaka 1823 alifukua kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikiwa kizima: plesiosauri, kichwa kidogo, shingo ndefu mno, makasia manne. Habari zikafika Paris kwa Georges Cuvier, bingwa wa mifupa asiye na mpinzani wakati huo. Cuvier akatilia shaka. Shingo ndefu namna ile? Akahisi huenda mifupa ya wanyama wawili imeunganishwa. Fikirieni uzito wa neno hilo kwa mwanamke maskini ambaye riziki yake yote ilitegemea uaminifu wa mikono yake. Mwaka 1824 Jumuiya ya Jiolojia ya London ikakutana kulijadili. Mifupa ikachunguzwa. Ilikuwa ya mnyama mmoja. Cuvier akakubali.

Na Mary alikuwa wapi siku hiyo? Hakuwamo ukumbini. Jumuiya ile haikupokea wanawake. Aliyemwasilisha mnyama, William Conybeare, hakulitaja jina lake.

Hakulitaja!

Nataka wasichana mliopo hapa mlisikie hilo vizuri, kisha msikie na hili. Yapo mawe fulani yaliyokuwa yakiokotwa pale, ambayo watu hawakujua ni nini. Mary aligundua kwamba mara nyingi hukutwa ndani ya eneo la tumbo la ikthiosauri, na ukiyapasua unakuta mifupa na magamba ya samaki. Kilikuwa kinyesi kilichogeuka jiwe. Mwanajiolojia William Buckland alikitangaza mwaka 1829, na tangu hapo tunajua wanyama hawa walikula nini, kwa ushahidi na si kwa kubahatisha. Mary alifariki mwaka 1847 akiwa na miaka 47. Sanamu yake ilisimamishwa katika mji wake mwaka 2022. Imechukua muda mrefu mno, nami nasema hivyo kwa uchungu.

Msidhani mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2020, pwani ya Somerset, katika nchi ile ile, msichana wa miaka 11 akitembea ufukweni na baba yake aliona kipande kikubwa cha mfupa. Kilikuwa sehemu ya taya. Vipande vilipounganishwa, mfupa huo mmoja wa taya ulizidi mita mbili. Mwaka 2024 mnyama huyo alipewa jina Ichthyotitan, na wataalamu wanamkadiria kuwa na urefu wa mita 25 hivi. Huenda ndiye mtambaazi mkubwa kuliko wote wa baharini tunaowajua. Na msichana huyo jina lake limo miongoni mwa waandishi wa makala ya kisayansi iliyomtangaza.

Sasa nileteeni kenge wetu.

Katika mji wa Maastricht, Uholanzi, kuna kilima chenye machimbo ya mawe ya chokaa. Katika karne ya 18 wachimbaji walikutana na mataya makubwa yenye meno makali ndani ya mwamba. Ni nini hiki? Wengine wakasema mamba. Wengine wakasema nyangumi. Mwaka 1794 jeshi la Ufaransa lilipouteka mji, fuvu lile likachukuliwa hadi Paris. Adriaan Camper, Mholanzi, ndiye aliyeona mapema kwamba si mamba wala nyangumi, bali ni jamaa wa kenge. Cuvier akaliunga mkono jambo hilo mwaka 1808. Kenge! Ila kenge wa baharini, mwenye makasia badala ya miguu. Baadaye akaitwa Mosasaurus, kwa jina la mto unaopita mjini pale.

Mnaona uzito wake? Wakati ule watu wengi wa Ulaya, wasomi kwa wasiosoma, hawakuwa tayari kukubali kwamba aina nzima ya mnyama inaweza kutoweka duniani. Walisema, huenda bado yuko mahali fulani hatujafika. Lakini mnyama mkubwa kiasi hiki, mwenye kuvuta hewa, angejificha wapi? Mataya ya Maastricht yalikuwa miongoni mwa ushahidi aliousimamia Cuvier kwamba kutoweka ni jambo la kweli.

Na mosasauri si wa Ulaya peke yake. Bara letu limejaa mosasauri! Morocco, kwenye machimbo ya fosfeti, meno na mifupa yao hutoka kwa wingi mno. Sokoto, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, mbali kabisa na pwani, alipatikana Goronyosaurus, maana bahari iliwahi kuingia katikati ya Afrika Magharibi. Na Angola, katika magenge ya Bentiaba karibu na jangwa la Namibe, wanasayansi wa Angola, Ureno, Marekani na Uholanzi wamefukua mosasauri na plesiosauri kwa miaka mingi. Mmoja wao anaitwa Prognathodon kianda, kwa heshima ya Kianda, roho ya bahari katika imani za watu wa Angola. Ndani ya tumbo la mosasauri mmoja wa huko mlikuwa na mabaki ya mosasauri wengine watatu. Mwaka 2018 wanyama wa Angola walipewa maonesho yao katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Mwanafunzi anayetaka kusomea fani hii asidhani ni lazima mwamba wake uwe Ulaya.

Kidogo tu kuhusu Marekani, kwa faida ya vijana wanaoogopa wasomi. Mwaka 1867 daktari wa jeshi aliyekuwa Kansas aliona mifupa mikubwa ardhini. Kansas iko katikati kabisa ya nchi, lakini zama zile bahari ilikuwa imeigawa Amerika Kaskazini pande mbili. Mifupa ikapelekwa Philadelphia kwa Edward Drinker Cope, kijana hodari na mwenye haraka. Akampanga mnyama, akamwita Elasmosaurus, akamtangaza kwa dunia. Akaweka kichwa kwenye ncha ya mkia. Msomi mwenzake mzee, Joseph Leidy, ndiye aliyeonesha kwamba kile Cope alichodhani ni mkia kilikuwa shingo. Cope akahangaika kuzinunua nakala zote za makala yake zilizokwisha kusambaa. Na ukiitazama ile shingo utaelewa ugumu wake: ina pingili 72. Twiga wetu, pamoja na urefu wake wote, ana pingili saba za shingo, sawa na mimi na wewe.

Basi walikwenda wapi hawa wote?

Hawakufa siku moja. Ikthiosauri walitoweka kwanza, miaka milioni 90 na kitu iliyopita, mapema sana kabla ya dinosaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba walikuwa wamepoteza uwezo wa kubadilika haraka, kisha hali ya hewa na bahari ikayumba, wakashindwa kwenda nayo. Plesiosauri na mosasauri waliendelea hadi miaka milioni 66 iliyopita, wakati kimondo kikubwa, cha kilomita 10 hivi, kilipogonga eneo la Yucatán, Mexico. Vumbi na moshi vikaziba jua. Vijimea vidogo vya baharini vikakosa mwanga, wanaovila wakakosa chakula, wanaowala hao nao wakakosa, na njaa ikapanda ngazi kwa ngazi hadi kwa mkubwa wa wote. Mosasauri hakuuawa na jiwe. Aliuawa na njaa.

Nawaona wavuvi wananitazama, na swali nalijua. Mtasema, "Lakini silikanti?" Naam, silikanti. Wataalamu waliamini ametoweka tangu zama hizo hizo, hadi Desemba 1938 alipovuliwa Afrika Kusini na kutambuliwa kuwa samaki wa ajabu na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya mji wa East London nchini humo. Na ninyi hapa Tanga, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, mmemtoa kwenye jarife mara nyingi kiasi kwamba leo kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Basi kama silikanti yupo, kwa nini plesiosauri asiwepo?

Swali zuri, na jibu lake linarudi kwenye mapafu. Silikanti ni samaki. Anapumua kwa matamvua, anakaa mchana kutwa kwenye mapango ya chini sana, hana haja ya kuja juu. Plesiosauri angekuja juu kila siku ya maisha yake kuvuta hewa, mbele ya macho yenu, mbele ya macho ya mabaharia wa dunia nzima. Na mifupa yake ingekutwa kwenye miamba ya miaka milioni 50, milioni 20, milioni 5 iliyopita, kama ya nyangumi inavyokutwa. Haipo. Hata lile ziwa la Scotland, Loch Ness, linalotajwa sana, lilikuwa limefunikwa na barafu hadi takriban miaka 10,000 iliyopita. Plesiosauri hayupo tena.

Nimalizie hapa nyumbani.

Wangapi mmesikia jina Tangasaurus? Wachache mno, na hilo linaniuma, kwa sababu ni jina la mji huu. Mwaka 1924, Sidney Haughton wa Afrika Kusini alimwelezea mtambaazi mdogo aliyepatikana hapa Tanga, katika miamba ya kabla hata ya zama za dinosaria. Waliomchunguza baadaye waliona kwamba mkia wake mrefu ulifaa kuogelea. Ndugu yake, Hovasaurus, anapatikana Madagaska, ambayo wakati huo ilikuwa imeshikamana na pwani hii. Yeye alimeza mawe, na mawe hayo bado yamo tumboni mwake. Hawa si wazee wa ikthiosauri wala wa mosasauri. Lakini ni miongoni mwa watambaazi wa mapema kabisa kuyajaribu maji, na mmoja wao anaitwa kwa jina lenu.

Kule Lindi, Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba dinosaria wanaosimama leo mjini Berlin. Aliyesimamia wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mamia ya wazee wetu walibeba mifupa ile mabegani hadi bandarini Lindi. Ilichukua hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja, Australodocus bohetii, akapewa jina lake. Na kati ya tabaka za dinosaria pale Tendaguru zipo tabaka za makombe ya baharini: bahari ilikuwa ikiingia na kutoka.

Na mapango yetu ya Amboni? Mwamba wake ni mawe ya chokaa yaliyotandikwa chini ya bahari zama za dinosaria, wakati plesiosauri wakiogelea. Shule nyingi huwapeleka watoto pale, wakaoneshwa maumbo ya ukutani, wakasimuliwa visa, wakarudi. Walimu, nawaomba: safari ijayo, waambieni watoto wauguse ukuta, wajue wamesimama ndani ya bahari ya kale, na watafute makombe.

Na mtoto akiona jiwe lenye umbo la mfupa, popote pale, asiligonge wala asiling'oe. Apige picha likiwa mahali pake, aweke kalamu kando yake ili ukubwa ujulikane, aandike jina la mahali na tarehe, ampe mwalimu. Mwalimu awasiliane na Makumbusho ya Taifa. Tabaka la mwamba ndilo linalotaja umri wa mfupa. Mfupa uliong'olewa bila kumbukumbu ya mahali umepoteza nusu ya habari zake. Na jina la mtoto huyo liandikwe. Liandikwe siku hiyo hiyo, kwenye karatasi hiyo hiyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa maswali, na tuanze na wavuvi.